Programu ya kuskani mtandao kwenye simu: inachokiona na kinachoiponyoka

Skani ya kwanza huwatisha watu bure. Nyumba ya watu wanne inatoa vifaa 17, nusu yake havina jina, na mwenye nyumba anakimbilia kubadilisha nenosiri la Wi-Fi akiamini ameingiliwa. Nimezitumia programu hizi kwenye Android na kwenye iPhone, na nazikubali, ila kwa sharti moja: zinakuonyesha vifaa vilivyojibu, si vifaa vilivyopo. Ukilisahau hilo utamsingizia jirani.

Kinachofanyika ni kupiga hodi. Simu inasoma anwani yake ya IP, yaani namba iliyopewa na ruta, na ukubwa wa mtandao, ambao kwa ruta nyingi za nyumbani ni /24, yaani anwani 254, tuseme kuanzia 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254. Inazipitia zote ndani ya sekunde chache, na wakati huohuo inasikiliza vifaa vinavyojitangaza vyenyewe, kama printa na televisheni, kwa mDNS na SSDP, njia mbili za vifaa kujitambulisha kwa wenzao. Anayeitika anaandikwa. Simu iliyolala mfukoni ikiwa imezima skrini mara nyingi haiitiki, kwa hiyo skani moja haitoshi. Mimi huskani mara tatu kwa nafasi ya dakika chache, na simu na tableti za nyumbani naziwasha skrini kwanza.

Kabla ya kubonyeza chochote, zima VPN, ile njia ya siri inayopitisha intaneti yako kwingine, maana programu inaweza kuskani upande wa VPN na kukuletea kifaa kimoja tu. Ikiwa ruta haina intaneti kwa wakati huo, zima na data ya simu, kwa sababu Android ikiona Wi-Fi haifiki nje hupenda kurukia data. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, programu lazima iombe ruhusa ya kuufikia mtandao wa ndani. Ukikataa mara ya kwanza haitauliza tena. Itakaa tu na orodha tupu, na ruhusa utaifungua mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha. Android nayo hudai ruhusa ya kujua mahali ulipo. Si ujanja wa mwenye programu: jina la Wi-Fi na anwani ya ruta vinatosha kukisia ulipo, ndiyo maana mfumo unavificha mpaka ukubali.

Sasa lile linalowakera wengi, majina. Zamani programu ilisoma anwani ya MAC ya kila kifaa, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe kwenye mtandao, ikachukua nusu ya kwanza, ambayo viwanda hugawiwa na shirika la viwango la IEEE, ikakuambia hiki ni cha kampuni fulani. Apple iliifunga njia hiyo kwenye iOS 11 mwaka 2017, na Android 10 ya mwaka 2019 ikazuia programu kusoma jedwali la ARP, linaloonyesha IP ipi ni ya MAC ipi. Ukiona programu ya leo inaandika “kifaa kisichojulikana” kumi mfululizo, usiilaumu. Inakisia kwa jina ambalo kifaa kimejitangazia na kwa poti zilizo wazi, yaani milango yenye namba ambayo kifaa hupokelea mawasiliano.

Na hizo poti zinasema mengi. Chukua mstari kama huu: 192.168.1.23, hakuna jina, poti 62078 iko wazi. Hiyo ni iPhone au iPad. Ukikuta 8008 na 8009, tafuta Chromecast au televisheni yenye uwezo huo. 631 na 9100 ni printa. 554 kwa kawaida ni kamera, kwa kuwa ndiyo poti ya RTSP, inayopeleka picha mfululizo. 445 ni kompyuta au hifadhi inayogawa mafaili. Kwa poti hizi pekee, orodha ya vifaa 17 inaweza kubaki na wageni wanne watano.

Hao waliobaki hawatajulikana kwenye simu. Fungua ukurasa wa ruta kwa kivinjari, tafuta orodha ya DHCP, yaani ya anwani ambazo ruta imegawa, na linganisha kwa anwani ya IP. Ruta inaziona MAC zote bila kizuizi. Tazama herufi ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kwa mfano DA:3F na kuendelea, hiyo karibu kila mara ni anwani ya kubuni ambayo simu za kisasa hujitungia kwa ajili ya faragha, na kuitafutia kiwanda ni kupoteza muda. Kisichoeleweka hata hapo, zima vifaa vyako kimoja kimoja huku ukiskani upya. Mara nyingi mshukiwa ni plagi janja au spika iliyosahaulika nyuma ya kabati. Ukishamjua, mpe jina kwenye programu na umwekee IP isiyobadilika kwenye ruta, la sivyo kesho anwani itahama na jina litakuwa limebandikwa kwa mwingine.

Kuna hali ambapo orodha inaonyesha simu yako na ruta tu. Hapo ruta imewasha utengano wa vifaa, unaovizuia kuonana, jambo la kawaida kwenye mtandao wa wageni na wa hotelini. Kadhalika ukiwa na ruta mbili zilizofuatana, kila moja ikigawa anwani zake, utaona upande uliounganishwa nao tu. Kwa sababu hiyohiyo siamini tangazo la “tafuta kamera iliyofichwa chumbani”. Kamera inayorekodi kwenye kadi yake, au iliyo kwenye mtandao mwingine, haionekani kabisa. Na IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, nao usiusahau: mtandao mmoja wa /64 una anwani nyingi kiasi kwamba hakuna simu itakayozimaliza kwa kupiga hodi.

Kipimo cha poti ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ila kitumie kwa akili. Simu ambayo haijafanyiwa root, yaani haijafunguliwa mamlaka yote ya mfumo wake, haiwezi kujitungia vifurushi vya data inavyotaka, kwa hiyo inafungua muunganisho kamili kwa kila poti. Ni polepole, na poti ziko 65,535. Programu nyingi hujaribu zile maarufu tu, kwa hiyo “hakuna poti wazi” maana yake ni hakuna kati ya zile zilizojaribiwa. Poti 23 ikiwa wazi kwenye kamera au ruta, shughulika nayo siku hiyohiyo: ni Telnet, njia ya zamani isiyo salama ya kukiongoza kifaa kwa mbali, na kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka vifaa vingi kwa kuingilia mlango huo na kujaribu manenosiri ya kiwandani. Kinyume chake, poti iliyo wazi ndani ya nyumba haimaanishi iko wazi intaneti. Hilo utaliona kwenye ruta, sehemu ya kuelekeza poti na ya UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe. Na ukiwa na printa, iruke 9100. Poti hiyo huchapa chochote inachopelekewa, na programu inayouliza “wewe ni nani?” huishia kutoa karatasi zenye herufi za ajabu.

Kitufe cha kumzuia mtu sikitegemei. Programu ya simu isiyo na mamlaka juu ya ruta itabidi iudanganye mtandao kwa ARP, ijifanye ndiyo ruta, na hiyo huangusha muunganisho wa wengine. Kuzuia kwa MAC nako, simu inayobuni anwani inaweza kurudi na nyingine. Badilisha nenosiri la Wi-Fi kwenye ruta, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN, basi.

Upande wa nguvu ya mawimbi, iPhone haziruhusu programu za kawaida kuorodhesha mitandao ya jirani. Android inaruhusu, lakini tangu toleo la 9 programu iliyo mbele ya macho yako inapata skani nne kwa dakika mbili, kwa hiyo grafu husimama palepale ukizunguka vyumbani. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho kinazimwa kwenye chaguo za wasanidi. Kwa simu za video natafuta -67 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, au juu ya hapo, yaani karibu zaidi na sifuri. Kwenye -80 usitarajie kitu.

Toleo la kulipia lenye tahadhari za “kifaa kipya kimeingia” sikuliona na maana kwenye simu pekee. Mfumo huilaza programu ikiwa nyuma, na ukitoka nyumbani haioni chochote. Tahadhari zinazofika nazo, nyingi ni za simu ya mwenyewe iliyobadilisha MAC. La bure linatosha, likiskani mtandao wako au ule ulioruhusiwa na mwenyewe.