QGIS na data za sensa: uzoefu wangu wa kuchora ukingo wa mji wa Malindi

Kikundi chetu cha kuzoa taka hapa Malindi, pwani ya Kenya, kina mikokoteni minne. Mwaka jana tuliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni ya wananchi, na swali la kwanza tuliloulizwa likatushinda: mji wenu unaishia wapi? Dereva wa tuktuk alisema unaishia pale nauli inapopanda. Mzee wa mtaa alisema unaishia kwenye shamba la marehemu babu yake. Mama mmoja wa Muyeye akasema unaishia pale sisi wazoa taka tunapogeuza mkokoteni, na ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. Kwa kuwa mimi nina saiba karibu na stendi na kompyuta ndiyo kazi yangu, nilipewa jukumu la kuleta ramani.

Nilianza kwa kununua. Kuna watu mtandaoni wanauza faili za mipaka ya miji, na nililipa shilingi 3,500 kwa moja iliyoandikwa jina la Malindi. Nilipoifungua, mpaka wenyewe ulikuwa duara. Duara kamili, kama limechorwa kwa kuzungushia sahani, kitovu chake sokoni, na karibu nusu yake imo baharini. Watu hao walichukua nukta moja, wakaizungushia kilomita kadhaa, wakaita mji. Niliandika mara tatu kuomba pesa zangu, sikujibiwa. Ukiona mpaka wa mji ulionyooka mno au uliopinda vizuri mno, usilipe.

Ndipo nikapakua QGIS. Hii ni programu ya bure kabisa ya kutengeneza ramani, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kuendelezwa hadi leo na watu wa nchi nyingi. Kwenye laptopu yangu ya mtumba inafunguka polepole, lakini ikishafunguka inafanya kazi. Unaweka matabaka moja juu ya lingine: picha ya setilaiti chini, barabara juu yake, vipande vya sensa, yaani maeneo madogo ambayo watu wake wamehesabiwa, juu kabisa, kisha unaiamuru ipake rangi kila kipande chenye watu wengi kuliko kiasi fulani na kuunganisha vile vinavyogusana. Hapo mji unajitokeza. Wiki mbili za usiku zilinitosha kuielewa, na naipa nyota zote tano bila kusita.

Anayeanza namshauri ajifunze kwa data za Marekani kwanza, hata kama hana haja na Marekani. Ofisi yao ya sensa inatoa faili ziitwazo TIGER/Line bure, hakuna kuomba wala kusajiliwa, na ndani yake mna vipande vidogo wanavyoviita bloku, vingi vikiwa vimezungukwa na barabara, mto au reli. Vipo zaidi ya milioni 8. Kanuni zao zimeandikwa wazi. Katika sensa ya 2020 waliacha kupima msongamano wa watu wakaanza kupima msongamano wa makazi, yaani nyumba za kuishi: kiini cha mji huanza na bloku zenye makazi 425 kwa maili ya mraba, yaani kama 164 kwa kilomita ya mraba, na eneo zima lazima lifikishe makazi 2,000 au watu 5,000 ndipo liitwe la mjini. Kabla ya hapo watu 2,500 walitosha. Pakiwa na pengo tupu kati ya nyumba na nyumba, wanaruhusu kuliruka, ila urefu wa kuruka umepunguzwa kutoka maili 2.5 hadi 1.5. Nilifuata kanuni hizo kwa mji mmoja mdogo wa Florida, nikalinganisha mstari wangu na ule rasmi, na vilikaribiana sana. Nilifurahi kama mtoto aliyehitimu juzuu.

Nikarudi nyumbani na furaha hiyo, na Malindi ikanifundisha adabu.

Sensa yetu ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Majedwali yake yamechapishwa na yanasomeka vizuri: mji wa Malindi watu 119,859, kaunti ndogo nzima ya Malindi watu 333,226. Angalia tofauti hiyo. Watu 213,367 wanaandika "Malindi" kwenye barua zao na hawamo katika hesabu ya mji. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inataka watu 50,000 kwa manispaa, 10,000 kwa mji mdogo na 2,000 kwa kituo cha soko. Idadi hizo hazina maana mpaka kwanza useme mstari umepita wapi.

Na hapo ndipo penye shida. Majedwali ya wazi yanaishia kwenye kata ndogo, ambayo sisi sote huiita sublokesheni. Makarani wa sensa walitembea na vipande vidogo zaidi, vya kaya kama mia moja hivi, lakini hivyo havimo katika majedwali unayopakua. Sasa chukua kata ndogo yenye kilomita 30 za mraba na watu 6,000. Ukigawanya unapata watu 200 kwa kila kilomita ya mraba, na utasema hapa ni shamba. Kumbe watu 5,000 kati yao wamebanana kando ya lami kwenye kilomita mbili tu, na kwingine kote ni vichaka na mihogo. Wastani umewafuta. Ukichora mji kwa vipande vya namna hiyo, mtaa mzima wenye choo cha shimo kila hatua kumi unatoka nje ya ramani, na mkokoteni wa taka unatoka nao.

Njia ya kukwepa hilo ni gridi. Mwezi Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha utaratibu wa kupima miji kwa viraba vya kilomita moja ya mraba: viraba vinavyogusana vyenye watu 1,500 au zaidi kila kimoja, vikifikisha watu 50,000 kwa pamoja, ni jiji, viraba vyenye angalau watu 300, vikifikisha 5,000, ni mji wa kawaida. Huna haja ya kubishana mpaka wa chifu uko wapi. Kwa kuwa sensa haitoi watu kwa viraba, wataalamu huchukua idadi ya kata na kuigawa kwa mapaa yanayoonekana kutoka angani. Nilipakua gridi moja ya aina hiyo, nikaiweka juu ya Malindi, nikatoka nje kwa miguu kuikagua.

Nilikwenda Maweni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, bati limeshika kutu. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Waandika nini?"

"Nataka kujua humu mna kaya ngapi."

Akasimamisha ungo. "Wauliza watu, au wauliza majiko?"

Sikuwahi kusikia kaya ikielezwa vizuri hivyo, na ndivyo sensa yenyewe inavyoielewa: wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Aliniingiza ndani. Kando ya milango minne palikuwa na majiko manne ya makaa, na chumbani kwake mtungi wa gesi. Chumba cha sita walikaa vijana wawili wa bodaboda ambao hula kwake. Vyumba sita, majiko matano, kaya tano, paa moja.

Mchana huo huo nilishuka barabara ya Casuarina. Paa la ukubwa ule ule, vigae safi, ukuta mrefu. Askari wa getini aliniambia wenyewe huja Desemba. Anayeishi pale mwaka mzima ni yeye na mkewe, katika chumba cha nyuma. Kwenye gridi yangu, kiraba cha villa na kiraba cha Maweni vilikuwa karibu sawa kwa rangi. Huko pembezoni, chini ya minazi, kasoro ilikuwa ya upande mwingine: nyumba za udongo zilizoezekwa makuti zilikuwa zimepotea kabisa, kwa sababu ukuti ulioezeka nyumba na ukuti ulio mtini, kutoka juu, ni rangi moja.

Kwa hiyo tuligawana mitaa. Jumamosi sita, vijana wanane wa kikundi, simu zenye QField, ambayo ni ndugu ya QGIS ya kutembea nayo. Uzuri wake ni kwamba ukishapakia ramani huhitaji bando. Tuliweza kuhesabu majiko hadi pasipo na mtandao kabisa. Katika kila mtaa tulichagua nyumba ishirini, tukapata wastani wa kaya kwa paa, tukarekebisha gridi kwa wastani huo. Kazi hii haina mkato, na ndiyo iliyobadilisha ramani kuliko kitu kingine chochote.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lilitupotezea siku nne. Rafiki mpimaji alinitumia mipaka ya kata ndogo kwa WhatsApp. Faili ya aina hiyo huja kama kundi, na mimi nilipokea tatu. Ile inayoishia na .prj haikuwemo. Hiyo ndiyo inayoiambia programu vipimo vimetoka kwenye mfumo gani. Nilipoifungua, Malindi nzima ilikuwa imepanda kaskazini karibu mita 300 na kusogea bara karibu mita 100, na mstari wa pwani unapita juu ya mapaa ya watu. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu zetu zinatumia WGS 84. Nilipoieleza QGIS kwamba hii ni Arc 1960, kanda ya 37 kusini, namba 21037, kila kitu kilirudi mahali pake na gati likagusa maji. Ukipokea faili za ramani kutoka kwa mtu, hesabu kwanza kama .prj imo.

Ukingo tulioupata unafuata bahari, unapita nyuma ya Barani na kuzunguka Maweni, na Muyeye yote imo ndani. Tuliobishana juu yake zaidi ni uwanja wa ndege. Hauna mkazi hata mmoja, hivyo kwenye gridi ni shimo jeupe, na nyumba zilizo ng'ambo yake kuelekea Kijiwetanga zinaonekana zimejitenga na mji. Wamarekani katika kanuni zao huuingiza uwanja wa ndege ndani ya eneo la mji hata kama haulali mtu, na nilitetea tufanye vivyo hivyo. Wenzangu wawili walikataa. Walisema mkokoteni hauwezi kuvuka njia ya ndege, lazima uzunguke, na kuzunguka huko ni saa nzima. Mwishowe uwanja umo ndani kwa mstari mzito, na nyumba za ng'ambo tumezizungushia mstari wa nukta, kaya zake zikiwa zimehesabiwa jiko kwa jiko na kuandikwa pembeni. Nakala tatu nimezichapa kwenye karatasi kubwa, moja tumeibandika ukutani pale saibani.