Dalali wa Kimara aliyenipangishia nyumba nikiwa bado Mwanza

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo kawaida Dar. Hela ya kwenda kuona nyumba ni elfu kumi kwa mzunguko mzima, hata akizungukia nyumba nne. Nilichopata ni chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, mita ya umeme ya LUKU ya kwangu peke yangu, laki mbili kwa mwezi, Kimara. Nyota nampa nne kati ya tano. Jina lake silitaji, hajaniomba nimtangaze, na kuhusu ile nyota aliyoikosa nitafika huko.

Kazi niliipata kwanza. Mimi ni fundi dawa. Famasi niliyokuwa nafanyia kazi Mwanza ilikuwa inaagiza mzigo kwa muuzaji wa jumla Kariakoo: unapiga simu, unatuma hela, boksi linapakiwa kwenye basi, wewe unalifuata stendi ya Nyegezi. Kwa hiyo msimamizi wa stoo yao alinijua kwa sauti na kwa usumbufu wangu wa kuulizia tarehe za kuisha muda wa dawa. Nafasi ilipotokea, usaili ukafanyika kwa simu ya video. Wakataka vyeti, namba ya NIDA, usajili wangu wa Baraza la Famasi, na wadhamini wawili wanaoishi Dar. Hapo kwenye wadhamini ndipo jasho lilipotoka. Mmoja ni mjomba wangu wa Mbagala, wa pili ilibidi mjomba ambembeleze jirani yake. Nilisema wazi kwamba sifungi begi bila mkataba wa maandishi, na wakautuma: miezi mitatu ya majaribio, ndipo nithibitishwe.

Hiyo miezi mitatu ndiyo iliyofanya suala la nyumba liwe gumu. Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine mwaka. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kifungu cha kuachishwa kazi isivyo halali hakimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini. Pigeni hesabu wenyewe: unamlipa mwenye nyumba nusu mwaka mbele, wakati mwajiri anaweza kukuambia kwaheri mwezi wa tatu ukabaki na nyumba nzuri ya kulalia njaa. Kurudi Mwanza nako ni zaidi ya kilometa elfu moja, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Si safari ya kwenda kuchungulia chumba wikiendi ukarudi.

Madalali niliowapigia kabla yake walikuwa na swali moja tu: "Bajeti yako bosi?" Ukitaja, zinamiminika picha. Picha zenyewe nyingine zina vigae vinavyong'aa hadi unajiona, ukiuliza ipo mtaa gani unajibiwa "huku huku Kimara", na kila nyumba duniani iko dakika tano kutoka lami. Mmoja alining'ang'aniza nyumba kubwa Chanika kwa bei hiyo hiyo. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, lakini mtu anayetakiwa awe kaunta Kariakoo saa mbili kasoro asubuhi atoke Chanika saa ngapi? Mwingine alitaka "hela ya kushikilia" itumwe kwanza kwa sababu kuna mteja anakuja mchana. Huyo mteja wa mchana nimemsikia kwa madalali wote, sijui anahamia nyumba ngapi kwa siku.

Huyu wa Kimara aliuliza, "Dada, kazi yenyewe iko wapi na unaingia saa ngapi?" Nilipomjibu, akaongeza, "Na mkataba wako wa kazi ukoje?" Nilidhani ananichimba mshahara. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuongea na mwenye nyumba. Kwa maswali hayo mawili tu nilikuwa tayari kumlipa elfu kumi yake.

Alipendekeza Kimara kwa sababu mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze mwaka 2016, yanaanzia Kimara Mwisho, na yapo yanayokwenda Gerezani, pale pale mlangoni mwa Kariakoo. Ukipandia kituo cha mwanzo una nafuu ya kupata kiti ukilinganisha na anayesubiri njiani. Tena yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaniambia mvua kubwa zikinyesha mto Msimbazi hufurika na barabara hufungwa pale Jangwani, kwa hiyo siku hizo nijue njia nyingine. Dalali anayekutajia ubaya wa nyumba anayoiuza, nani amewahi kumwona?

Kuhusu kuiona nyumba: nilikataa video zilizorekodiwa, nikataka apige moja kwa moja akiwa ndani. Nilimwomba afungue bomba, halafu achukue sabuni anawe mikono mbele ya kamera. Alicheka, akasema hajawahi kuombwa hilo. Wa Mwanza tumezoea maji ya ziwa, sabuni inatoa povu hadi unachoka kusuuza. Dar visima vingi ni vya chumvi, unasugua weee povu halionekani. Kwenye nyumba ya kwanza sabuni iligoma kabisa. Ya pili ilikuwa na maji ya bomba ya DAWASA na tenki la akiba juu, povu likaja. Nikamwambia afungue madirisha yote na atoe mkono nje, maana Dar wana tabia ya kujenga ukuta wa uzio umelalia dirisha, na kwa joto lile chumba kisichopitisha upepo hakikai mtu hata ukiwa na feni mbili. Mwisho nikamtaka atembee kwa miguu kutoka getini hadi kituoni bila kukata simu. Dakika tano zake zilikuwa kama kumi na mbili, na kipande kimoja kina tope. Hakubisha. "Dada Mwanza, wewe ungefaa polisi," akasema, akihema.

Mjomba alikwenda kuhakiki siku nyingine, ila kwa kweli mjomba angeisifu nyumba yoyote yenye paa.

Sasa hapa ndipo alipoifanya kazi yake. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alitaka miezi sita. Dalali akamweleza kwamba mpangaji ni mtu wa dawa, ana mkataba, yuko kwenye majaribio, apokee miezi mitatu kwanza. Mama akasema anataka kunisikia mwenyewe. Nikapiga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha yakaja maswali ambayo hata Kariakoo hawakuniuliza: umeolewa, unasali wapi, wageni wako ni akina nani, unapika na mkaa au gesi. Gesi ilimfurahisha, hataki masizi kwenye rangi yake. Akakubali miezi mitatu, kwa sharti kwamba kodi inayofuata iingie wiki mbili kabla ya ile ya kwanza kuisha. Mkataba ulisainiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mjomba akiwa shahidi wangu. Kodi niliituma kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Udalali nilimpa nusu siku ya kusaini, nusu nilipokabidhiwa funguo. Hapo alinuna kidogo, akasema wenzake hawafanyi hivyo, lakini alikubali.

Siku ya kuhamia ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea. Mabasi ya mikoani yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na Mbezi unaifikia kabla ya Kimara ukitokea Morogoro. Kirikuu kilibeba godoro, mabegi na ndoo zangu kwa kipande kifupi tu cha barabara. Anayehamia Mbagala au Kigamboni ajiandae kulivuka jiji zima na mizigo yake.

Nyota iliyopungua ni ya baa. Iko nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta, na Ijumaa hadi Jumapili spika zake zinatikisa sufuria kabatini. Video yetu ilikuwa ya Jumanne mchana, baa imelala. Yeye ni mwenyeji wa mtaa ule, anajua kila kitu hadi nani anamdai nani, hawezi kusema hakuijua baa. Nilipomuuliza alijibu, "Dada, hukuuliza." Jangwani alinitajia bila kuulizwa, baa akainyamazia, kwa sababu Jangwani isingemkosesha udalali. Ukimtumia dalali kama huyu, mwambie akupigie tena Jumamosi saa tatu usiku akiwa amesimama chumba cha kulala, na ukae kimya usikilize. Pia usitegemee chochote kwake baada ya funguo. Koki ya choo ilipoanza kuvuja alinijibu kwamba hilo ni la mama, na ni kweli ni la mama, lakini angeweza kunipa hata namba ya fundi bomba.

Kwa mtu anayehama peke yake na ana mkataba wa kazi mkononi, namtumia tena bila wasiwasi. Mwenye watoto wa kutafutiwa shule ningemshauri afikie kwa ndugu au gesti kwanza, azunguke mwenyewe, kwa sababu shule na majirani hawaonekani kwenye simu. Majaribio kazini nimeyamaliza, kodi ya pili nimeilipa moja kwa moja kwa mama, na dalali hakudai chochote kwenye kuongeza mkataba. Hilo nalo nilimtaka aliandike tangu mwanzo, maana wapo wanaorudi kila mwaka kudai mwezi wao.