TAHADHARI: Anayeuza "jozi ya K-55-V" za Klipsch anachanganya yuniti

Wakuu, hasa mlioko huku Marekani mnaosaka spika za Klipsch za zamani ili mzipakie kwenye kontena kwenda nyumbani: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu yetu na tangazo la "jozi asilia ya K-55-V, zimetoka kwenye La Scala". K-55-V ni yuniti ya sauti za kati inayofungwa nyuma ya honi, na La Scala ni modeli ya spika za Klipsch. Kabla ya kumtumia hela, someni hapa.

Jamaa yetu mmoja kapokea mzigo wake juzi, akaniletea tuukague. Yuniti moja ni K-55-V kweli. Ya pili ni K-55-M iliyobandikwa stika mpya ya V, na gundi bado inanata. Picha za tangazo zote zilipigwa kwa mbele: honi inang'aa, vumbi limefutwa, ila mgongo wa yuniti hauonekani popote.

Muuzaji alipoulizwa akajibu, "Zote 55 hizo ndugu yangu, herufi tu." Basi herufi ndiyo yenyewe! V ilitoka kwa Atlas, M ilitoka kwa Electro-Voice. Ni viwanda viwili tofauti, Klipsch walikuwa wakinunua na kuzifunga kule Hope, Arkansas. Na V nazo si za aina moja. Kuna zenye masikio ya kuchomea waya kwa risasi, na kuna zenye vibanio vya kubonyeza. Waliozipima wanaona hazipandi sawa kwenye sauti za juu. Kwa hiyo hata ukipewa V mbili halali, dai zifanane mgongo.

Mtu anaweza kuona nakuza mambo, lakini angalieni krosova (saketi inayogawa sauti kwa kila yuniti) za kina La Scala na Klipschorn wa zamani, zile Type A na AA. Wufa (ya besi) inaachia karibu na hezi 400, twita ya K-77 (ya sauti za juu) inapokea karibu na 6000. Hapo kati hakuna kipande chochote kinachoikata yuniti ya kati kwa upande wa juu. Imeachwa ishuke yenyewe. Yaani kule juu tabia ya yuniti ndiyo krosova. Funga V kushoto na M kulia, na mwimbaji aliyetakiwa kukaa katikati anaanza kuyumba kila anapopandisha sauti. Spika hizi zinatoa zaidi ya desibeli 100 kwa wati moja, hazifichi kitu. Kuna wanaoipenda M, sina ugomvi nao, ila wanunue M mbili kwa bei ya M.

Mchezo wa pili wa muuzaji huyu ni mchafu zaidi. Thredi ya K-55-V ni inchi 1 na 3/8, meno 18 kwa inchi, ile ile ya yuniti nyingi za honi za matangazo zinazofungwa juu ya misikiti, makanisa na stendi. Maana yake yuniti ya bei chee inaingia kwenye honi ya Klipsch bila kugoma, na mnunuzi wa haraka anaona kila kitu kimekaa sawa. Mwingine huku kauziwa hiyo, ya omu 8. K-55-V ni ya omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kapasita inayoilinda kwa chini ilipigiwa hesabu ya 16. Ukipunguza omu kwa nusu, sehemu ya kuanzia inapanda mara mbili: badala ya 400 yuniti inaanza kwenye 800 hivi, na wufa imeshaondoka. Hapo katikati panabaki shimo, na ndipo sehemu kubwa ya sauti ya binadamu ilipo.

Kwa hiyo mdaini picha ya mgongo wa kila yuniti, stika na vituo vya waya vionekane, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Kisha mita iwekwe kwenye omu, yuniti ikiwa imechomolewa kwenye krosova. K-55-V ya omu 16 itasoma kwenye 11 hivi, ya 8 itasoma kwenye 6 hivi, na isiyosoma kabisa koili imekatika. Jozi nzuri zinakaribiana. Kama diaframu imebadilishwa si dhambi, vipuri vipo, lakini aseme na bei ishuke. Huyu muuzaji wetu ukimwomba picha ya mgongo anasema yuko safarini.

Hela anaitaka kwa njia ya "ndugu na marafiki", ile isiyo na kinga ya mnunuzi. Kataeni. Na aliyelipa kwa kadi asianze kubembelezana naye kwenye meseji: piga picha stika, mgongo na namba za mita kabla hujafungua skrubu hata moja, halafu fungua madai benki leo hii, kwa sababu muda wa kudai una mwisho na yeye anaujua.