Hawa mafundi wa sistimu pale Moi Avenue Mombasa, nawapa nyota nne

Kama ofisi yenu ina sistimu ya kupokea faili za wateja na kila mkiweka toleo jipya kuna kitu chapotea, waendeeni hawa vijana. Nyota nne natoa kwa moyo mweupe, ya tano nimeizuia na nitasema mbona.

Sisi ni ofisi ndogo ya kliaringi, kutolea watu mizigo bandarini, upande wa Mwembe Tayari na mimi ndo nashughulika na sistimu. Mteja anatuma B/L (hati ya mzigo wa meli), invoisi na pakingi listi kwa fomu iliyoko kwenye wavuti yetu, tukizipata ndo kazi yaanza. Mambo ya serikali, ushuru wa KRA na vibali vya KenTrade, yana sistimu zao, hapa naongelea hii yetu wenyewe, ilitengenezwa zamani kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, na ilikua yakaa kwa kompyuta ya Windows hapo hapo ofisini mpaka tajiri, bosi wetu, akataka ihamie seva ya kukodi. Tangu ihame hatukupata raha. Skani zagoma kupanda, zilizopanda zingine hazifunguki, na mbaya zaidi kuna zilizokua zipo jana leo hazipo. Watu wa bandari wanajua hii maana yake nini, karatasi ikichelewa kontena linakula stoji, ada ya kukaa bandarini, na mteja hataki habari ya seva, anataka kujua nani atalipa.

Aliyetuhamishia simtaji jina. Jibu lake lilikua moja tu, ati intaneti ya Mombasa ni mbovu. Jamani nyaya za baharini zatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, na barua pepe zenye faili kubwa kuliko hizo zilikua zaenda vizuri kwa laini ile ile. Mwisho akaja akaweka ruhusa ya 777 kwa folda la faili, yaani kila mtumiaji na kila programu iliyo ndani ya seva yaweza kuandika humo, akasema sasa imekwisha. Haikuisha.

Sasa hawa. Kijana wa kwanza nilipomueleza hakushika kompyuta, aliuliza maswali. Faili gani imekataa, ina ukubwa gani, ilikua saa ngapi, nani aliituma, kwa simu au kwa laptopu. Halafu akaniambia, "Dada, mimi sigusi kitu kabla sijachukua bakapu," yaani nakala ya akiba. Tajiri yuwapiga simu kila mara ataka kujua imefika wapi, nami nikamuomba aanze tu bakapu itafuata, akakataa kwa adabu na hakubadilisha msimamo. Alichukua faili zote na database, akazishusha kwa diski yake, akafungua moja mbili mbele yangu kuhakikisha zasomeka. Hapo ndo nilijua nimefika kwa mtu wa kazi.

Kisha akafungua logi ya seva, daftari lake la matukio, kwa skrini moja, akaniambia nitume ile skani ya B/L kwa simu yangu kama mteja. Nikabonyeza. Papo hapo mstari ukatokea, wasema aliyetuma ataka kuleta mzigo mkubwa kupita kiasi, na kwa simu yangu ikaja erra 413. Skani yenyewe ilikua ya megabaiti 3 na kitu. Akanieleza kwamba Nginx, ile programu inayosimama mbele ya seva, usipoiambia kitu inakubali megabaiti 1 tu, mpangilio wake waitwa client_max_body_size. Na ukifungua hapo bado, manake PHP nayo ina yake, upload_max_filesize ni megabaiti 2 kwa faili moja na post_max_size ni megabaiti 8 kwa fomu nzima. Yaani mageti matatu, na kila geti lina bawabu wake asiyeongea na mwenzake.

Hapo ndo ikajulikana kitu kilichotusumbua kuliko vyote. Yule aliyetuhamishia, kabla hajaiweka hiyo Nginx mbele, alishapandisha upload_max_filesize mpaka 20 na akaiacha ya fomu nzima kwa 8. Wakati huo mteja akituma faili tano sita pamoja zikapita 8, PHP haileti erra ya maana kwa mtumiaji, inatupa kila kitu kilichokua ndani ya fomu, faili na maandishi pia. Sistimu yetu ikiangalia yaona fomu tupu, yamjibu mteja "tafadhali jaza jina la kampuni" na yeye jina ameandika! Wateja walikua watuma screenshot wamekasirika, sisi twawaambia jaza tena, wajaza tena, yarudi vilevile. Ni nambari moja tu kwa faili moja ya mipangilio. Akaonyesha na nyingine, kwamba PHP kwa kawaida yapokea faili 20 tu kwa fomu moja, ya 21 kuendelea haziingii, na sisi tuna wateja wapiga picha kila ukurasa mbali mbali.

Zilizopanda na hazifunguki sababu yake ni nyingine kabisa. Kwa Windows, Invoice.PDF na invoice.pdf ni faili moja, kwa Linux, ambayo ndo yaendesha hii seva ya kukodi, ni faili mbili tofauti. Sistimu yetu ilikua yageuza majina kuwa herufi ndogo ikiandika kwa database lakini kwa diski yaacha vile mteja alivotuma, kwa ile kompyuta ya zamani haikuonekana ila kwa seva ya Linux kila jina lenye herufi kubwa likawa halipatikani. Huyu kijana alitambua bila hata kufungua programu, aliangalia tu orodha ya zinazokataa na zinazokubali akazilinganisha.

Lakini lililonitisha wallahi ni la picha za WhatsApp. Kwa Android picha ikiingia yapewa jina lenye tarehe na nambari, mfano IMG-20240312-WA0007, na kila simu yahesabu yake. Kwa hivo wateja wawili siku moja waweza kuwa na picha zenye jina moja herufi kwa herufi. Sistimu yetu ilikua yahifadhi kwa jina lile lile la mteja, ya pili ikija yaifuta ya kwanza kimya kimya. Kwa hivo zile zilizokua zapotea zingine hazikupotea, zilikaliwa, na mteja wa kwanza akifungua aona karatasi za mtu mwengine! Invoisi ya mfanyabiashara mwenzake, na bei zake zote. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, hili si jambo la kuchezea. Dawa waliyoweka ni rahisi, sistimu yaipa kila faili jina jipya la nasibu lisiloweza kurudiwa, jina la mteja lakaa kwa database ili aone alilolizoea. Pia wameweka faili iangaliwe ndani yake ni PDF au picha kweli, isiaminiwe kwa herufi tatu za mwisho, na lile folda halikubali tena kuendesha PHP, maana mtu akipandisha faili ya PHP ikakubaliwa aweza kuichukua seva yote. 777 wakaitoa, folda sasa ni la yule mtumiaji anayeendesha PHP, basi.

Zilizobaki zilikua zapotea kwa sababu ya namna ya kuweka toleo jipya. Faili za wateja zilikua ndani ya folda la programu, na toleo jipya likija yule aliyetuhamishia afuta folda lote aweka jingine. Hawa wametenganisha. Faili za wateja zakaa pahali pake nje, kila toleo la programu lina folda lake lenye tarehe, na kuna linki moja iitwayo current yaelekeza toleo linalotumika. Toleo likiharibika warudisha linki kwa la nyuma, sekunde tu. Nilimwambia anionyeshe, akaweka toleo bovu makusudi usiku watu wameondoka, tukaona ukurasa umekufa, akarudisha, ukafufuka. Kuna kitu kidogo nilikipenda hapo, alipobadilisha linki PHP bado ilikua yaleta toleo la zamani, hakuhangaika, akasema imeshika njia ya zamani kwa kumbukumbu yake, akaipa amri ijisome upya na ikakaa sawa, halafu akaiandika hiyo amri ndani ya skripti ili mtu asisahau.

Bei nililipa 18,000, nusu mwanzo nusu mwisho, kwa M-Pesa. Kwa kazi ile si ghali, tena ukihesabu stoji ya kontena moja likikaa. Walinipa na karatasi mbili za maelezo ya kila walichobadilisha, kilikua vipi na sasa ki vipi.

Ya tano nimeizuia kwa hili. Anayejua ni mmoja. Yule mwenziwe ni kijana mzuri ana heshima lakini ukimpigia akwambia "ngoja kaka arudi", na kaka akiwa Malindi kwa kazi nyingine wewe wangoja. Pasiwedi zetu pia alikua nazo yeye peke yake mpaka nilipozidai. Halafu simu hawashiki upesi, mtumie ujumbe ulioandika shida yote, huo atajibu. Ijumaa mchana wafunga kwa swala, na lifti ya jengo haifanyi kazi, kama una mtu mzima usimpandishe ghorofa zile.

Ukienda nenda umejiandaa, utaokoa pesa. Beba faili yenyewe inayokataa, si screenshot yake. Andika saa kamili ilipokataa manake logi zapangwa kwa saa, na angalia seva yafuata saa gani, yetu ilikua nyuma yetu saa tatu na tulikua twatafuta pasipo. Uwe na njia ya kuingilia seva, sio ile ya wavuti peke yake. Na ujue toleo la mwisho liliwekwa lini na nani, hilo ndo swali lake la kwanza.

Nyinyi vijana mkisoma hapa, mfundisheni yule mdogo kusoma logi na mumpe funguo, nami nitakuja kuongeza ile nyota.