Masjala ya mirathi katika mahakama za hakimu Kenya: mlango mmoja, safari mbili

Anayetoka masjala ya mirathi ameshika hati ya usimamizi hudhani kazi imekwisha. Huikunja, huiweka kwenye bahasha moja na cheti cha kifo, na shamba la marehemu hulihesabu kuwa lake. Hati hiyo ni ya kukusanya mali, kulipa madeni na kulinda kilichobaki. Kugawa bado. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 55, inazuia mali isigawanywe kabla hati haijathibitishwa, na kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi katika kipindi hicho hicho. Kasoro kubwa ya huduma hii ni kwamba mteja hukabidhiwa karatasi yenye muhuri bila kuelezwa kwamba yuko nusu ya njia.

Pa kuanzia ni mahakama ya eneo alikokuwa akiishi marehemu mara ya mwisho, wala si ile iliyo karibu na mwombaji. Thamani ya mali ndiyo huamua ngazi: hakimu mkuu husikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20, hakimu mkazi mwisho wake milioni 5, na walio kati yao wana viwango vyao. Ikizidi milioni 20, ni Mahakama Kuu. Marehemu akiwa Mwislamu, familia inaweza kwenda kwa kadhi. Wapo wanaopunguza thamani ya shamba kwenye ombi ili wabaki mahakama ya karibu. Ni kiapo hicho wanachokila, na ndugu mmoja mwenye kinyongo akileta ripoti ya mthamini, faili yote huyumba.

Karatasi zenyewe si nyingi, na fomu za mirathi hutambulika kwa herufi P&A (Probate and Administration) na nambari. Kwa aliyekufa bila wosia: cheti cha kifo, barua ya chifu, sachi (taarifa ya msajili wa ardhi inayoonyesha mmiliki) ya hivi karibuni ya kila kipande cha ardhi, ombi kwa fomu ya P&A 80, hati ya kiapo ya P&A 5, ridhaa ya wenye haki sawa ya kuomba hati kwa P&A 38, na dhamana ya wadhamini kwa P&A 57. Palipo na wosia, ombi ni P&A 78 na wosia wenyewe huambatanishwa, sio nakala yake.

Inayoangusha wengi ni barua ya chifu. Inatakiwa kutaja kila aliyeachwa na marehemu: wajane, watoto wote wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, pamoja na wa nje ya ndoa ambao marehemu aliwakubali kuwa wake. Familia humpelekea chifu orodha ya wavulana peke yao, chifu anaandika alichoambiwa, na orodha hiyo hiyo inahamia kwenye kiapo. Kifungu cha 38 hakibagui mtoto wa kike. Binti aliyeachwa nje ana haki ya kuomba hati ifutwe hata miaka baadaye, kwa sababu ilipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Kumwandika siku ya kwanza ni rahisi zaidi, hata kama baadaye ataamua mwenyewe kuachia sehemu yake kwa maandishi.

Tatizo la pili ni majina. Hatimiliki inasema jina moja, kitambulisho kinasema jingine, cheti cha kifo kimeruka herufi. Hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja hutayarishwa kabla ya kufungua faili. Ukingoja hadi msajili wa ardhi akurudishe, utakuwa umeshamaliza mwaka.

La tatu ni ardhi iliyobaki kwa jina la babu. Huwezi kurithi kwa baba kitu ambacho hatimiliki haijawahi kumpa baba. Mirathi ya babu hufunguliwa kwanza, na watoto wote wa babu, yaani ami na shangazi, wanahusika. Kama babu alifariki kabla ya tarehe 1 Julai 1981, sheria hii ilipoanza kutumika, taratibu za mahakama ni hizi hizi lakini nani anarithi nini huamuliwa kwa sheria au mila iliyotumika wakati huo.

Idadi ya wasimamizi nayo ina mipaka: wasizidi wanne, na palipo na mtoto chini ya miaka 18 mwenye fungu lake, wasipungue wawili. Mjane aliyeomba peke yake huku ana watoto wadogo hurudishwa, na hilo lingeweza kusemwa na karani yeyote pale dirishani.

Kufungua faili sasa ni kwa mtandao. Mfumo ulisambazwa katika mahakama za nchi nzima mwaka 2024. Hapa mahakama inastahili sifa. Malipo yana risiti, nambari ya kesi huja kwa simu, na zile safari za "faili haionekani" zimepungua. Wenye saiba wamegeuka makarani wa pembeni, na wengine wao huchanganya viambatisho, kwa hiyo soma kila ukurasa kabla haujatumwa.

Kisha ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi. Tangazo likitoka, linganisha jina la marehemu herufi kwa herufi. Likikosewa, hutangazwa upya na siku huanza kuhesabiwa tena. Pingamizi lisipokuja, hakimu hutoa hati.

Ndipo inapoanza safari ya pili. Miezi sita baada ya tarehe ya hati (mahakama inaweza kufupisha ukitoa sababu), msimamizi huomba uthibitisho kwa P&A 108, akiambatanisha kiapo kinachotaja warithi wote na fungu la kila mmoja, na ridhaa zao kwa P&A 37. Ridhaa zikikamilika sheria inamruhusu hakimu kuthibitisha bila watu kufika, ila wengi hutaka kuwaona warithi kwa macho, na ni vizuri wafanye hivyo. Asiyeomba uthibitisho ndani ya mwaka mmoja yuko hatarini: kifungu cha 76 kinaruhusu hati ifutwe, na siku hizi hakimu naye anaweza kusikiliza ombi la kufuta, mradi thamani ya mali haizidi kiwango chake. 

Ugavi wa familia ya wake wengi huwachanganya hata mawakili wachanga. Kifungu cha 40 hugawa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na mke aliye hai huongezwa kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza ikiwa na mama na watoto wanne ni vichwa vitano. Ya pili, mama na wawili, ni vitatu. Shamba la ekari nane hutoka tano kwa tatu. Wanaokata katikati, nne kwa nne, hawana budi kupata ridhaa ya wote.

Wakili si lazima. Familia iliyokubaliana na yenye ploti moja inaweza kujifungulia yenyewe. Pakiwa na ugomvi, mke asiyetambuliwa au kampuni, mlipe.

Cheti cha uthibitisho, P&A 54, kisomwe hapo hapo mahakamani. Nambari ya kipande cha ardhi ikiwa na tarakimu moja iliyokosewa, msajili hatakipokea, na utarudi kuomba marekebisho chini ya kifungu cha 74. Ardhi ya kilimo ikigawanywa vipande viwili au zaidi, idhini ya bodi ya ardhi nayo hutakiwa. Ikienda nzima kwa mrithi mmoja, haihitajiki. Baada ya hapo ni kaunta ya msajili wa ardhi, yenye foleni yake na fomu zake, na msimamizi ana miezi sita tangu uthibitisho kukamilisha ugavi na kutoa hesabu.