Nilienda Nakuru kutafuta Mamajusi mmoja nikarudi na trei mbili za mipira ya kioo

Wacha niseme mapema, hii si duka ya kuingia ukiwa na gari inakungoja stage. Iko Nakuru town, unatoka Kenyatta Avenue unaingia ile mitaa ya nyuma yenye mafundi cherehani na watu wa kutengeneza redio, haina bango, mlangoni kuna Singer ya kukanyaga na miguu na kiti cha ngozi ambacho paka ndiye hukalia, na ukipotea uliza mtu wa boda boda akupeleke kwa mzee wa vitu vya zamani. Jina la duka siweki kwa sababu haina. Mwenyewe tunamwita Guka, yaani babu, na yeye kila mwanamke chini ya miaka sitini anamwita mami, kwa hivyo zoea.

Kilichonipeleka ni pango la Noeli la mama yangu. Ni la mawe ya Kisii, alilinunua Tabaka kwenyewe kwa wachongaji nikiwa mdogo, Yusufu, Maria, mtoto kwa hori, kondoo wawili, ng'ombe, punda na Mamajusi watatu. Sasa hayo mawe watu hudhani ni magumu juu ni mawe, wapi, ni laini ndio maana yanachongeka na kisu, na mahali pembamba kama shingo ama pembe yakianguka kwa saruji yanakatika tu. Krismasi moja mtoto wa dadangu alichukua Mamajusi mmoja akamfanya dereva wa matatu, na tangu hiyo siku tunao wawili, na mama kila Desemba akipanga pango anaguna, "Mmoja bado ako njiani." Ningeenda tu Tabaka ninunue mwingine lakini wapya wanang'aa sana, mama anataka mzee mwenzao.

Basi nikapanda gari Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, Ahero, Kericho, Mau Summit, Salgaa, kufika saa nne na kitu naambiwa Guka ameenda chai. Alirudi saa sita. Chai ya masaa mawili! Hapo nilishamtoa nusu nyota kabla hata sijaingia.

Ndani usitarajie miti na kengele na wimbo unapigwa. Ni viti, makabati, kandili, redio za mbao, taipuraita, simu za kuzungusha na kidole, sahani zenye nyufa. Krismasi yenyewe ni katoni tano chini ya meza huko nyuma na lazima umwombe azivute, kwa sababu mwenyewe haziheshimu, anasema watu wa Nakuru wanataka kabati. Vingi alivitoa minadani na kwa mashamba ya Njoro, Molo, Subukia, Gilgil huko, maana hii ndio ilikua nchi ya masetla, na uhuru ulipofika 1963 wengi wakauza wakaenda, vitu vya nyumba vikabaki na wapishi na majirani vikalala kwa store, sasa wajukuu wanafagia store. Lakini si vyote. Vingine ni eksi-UK tu, vimekuja na kontena la mitumba juzi. Kutenganisha hizo mbili ni kazi yako, Guka hatakusaidia, kwake kila kitu ni cha mkoloni.

Mipira ya kioo ya kutundika kwa mti wa Krismasi ndio mali ya hapa. Naongea kioo kweli, nyepesi mpaka ukiishika unaogopa kupumua, si hii plastiki ya supamaketi inadunda kwa sakafu. Toa ile kofia ya bati polepole, ina kiwaya kama pini imetanuka ndani, ukikibana kinatoka, halafu chungulia shingoni uone kama kioo kimepakwa fedha kwa ndani. Wajerumani wa mji unaitwa Lauscha ndio walianza haya mambo karne ya 19, mtu anapuliza kioo kwa mdomo, anamwaga dawa yenye madini ya fedha inashika ukuta wa ndani, rangi inapakwa nje. Kwa hivyo ukiona madoa meusi kama ya kioo cha bafuni cha nyanya yako usikimbie, huo ni umri. Mimi nashuku ile inang'aa kote kote bila doa hata moja.

Guka akanitolea sanduku la kumi na mbili, mekundu na ya kijani, na mitatu ile yenye shimo limebonyea ndani kama nyota, kusema ukweli moyo uliruka lakini uso nikaukaza. Akaapa ni ya wakati wa vita vya Kaiser, yaani vita vya kwanza vya dunia. Nikageuza kofia, imeandikwa West Germany. Nikamwambia Guka, Ujerumani ilikatwa vipande viwili 1949 ikaungana 1990, hii haiwezi kua imezaliwa kabla ya hiyo 1949, Kaiser alikua ashazikwa. Na tena Lauscha ilibaki upande wa mashariki so hata si ya huko. Akaangalia kofia, akaniangalia, akasema, "Basi ni ya mtoto wa Kaiser." Bei ilikua elfu mbili mia tano, ikashuka ikafika elfu moja mia mbili, na ni yale maandishi madogo yalinisaidia, mdomo wangu haukufanya kitu. Beba kurunzi ama simu yenye taa, soma kila kofia. Ukikuta Occupied Japan hapo ushapata, hiyo ni ya wakati Wamarekani wameikalia Japan baada ya vita vya pili vya dunia, na huko kukaliwa kuliisha 1952.

Sasa hii ya pili sijui kama nijivunie ama nitubu. Kwa katoni iliyopasuka nikaona mipira minne haina fedha ndani, ni kioo kitupu unaona upande wa pili, imechorwa mistari ya rangi imefifia, na kofia zake ni karatasi ngumu. Karatasi! Guka alikua ameiweka kando ya kutupa, anasema imeharibika kofia zikapotea mtu akabandika karatasi. Kumbe kifuniko cha sanduku kimeandikwa Shiny Brite, hiyo ni ya Marekani, walianza 1937 na kioo chao kilikua kinapulizwa na mashini za Corning zilezile za kutengeneza balbu, alafu vita vya pili vilipokaza chuma na fedha vikaenda jeshini, ndio wakatoa mipira bila fedha na kofia za karatasi. Ilitengenezwa miaka michache tu. Nikauliza imetoka wapi akasema kwa nyumba ya mmishonari upande wa Kaimosi, na hiyo inaingia akilini maana Wakweka wa Marekani, wale wa kanisa la Friends, walifika Kaimosi 1902. Nilimlipa hamsini hamsini nikanyamaza kama mwizi wa kuku. Safari ya pili dhamiri ikanisumbua nikamwambia ukweli, akacheka akasema, "Mami, wewe umesoma, mimi nimekula hiyo mia mbili." Ndio maana nampenda huyu mzee, hana kinyongo, lakini sasa karatasi zote anaziuza mia tatu, hata zile mtu alibandika kweli, kwa hivyo samahani kwa mtakaonifuata.

Vijisanamu chunga. Kuna kitoto cha kauri kimeshika taa, mashavu mekundu, Guka anadai ni Hummel na anataka elfu nne. Hizo zilianza kwa kiwanda cha Goebel cha Ujerumani 1935, kutoka kwa michoro ya sista mmoja mtawa, Maria Innocentia Hummel, na ya kweli ukigeuza unakuta jina limechorwa kwa msingi na alama ya kiwanda chini, zile za miaka ya 50 zina nyuki ndani ya herufi V. Hii niligeuza nikaona gundi na bei ya zamani ya penseli, basi. Ni kitoto kizuri, mia nne ningetoa. Elfu nne hapana.

Taa sasa. Nimekasirika na taa na nitaeleza kwa nini. Alikua na waya mrefu wa taa za mti, balbu nono za rangi rangi, waya umefunikwa na kitambaa, mzuri ajabu. Nikauliza inafanya, akasema inafanya, aliijaribu mwenyewe. Elfu moja. Nikafika Kisumu nikachomeka, sekunde mbili, balbu ya kwanza pah!, ya pili pah!, mama kwa sebule anaita Yesu, stima ya nyumba nzima ikaenda. Kuja kuangalia kwa plagi zimeandikwa volti 120, ni za Marekani, na sisi huku tunatumia 240. Makosa ni yangu nusu, ningesoma. Lakini mtu akiniambia amejaribu, amejaribu wapi, Chicago? Na hata kama ungekua na transfoma, hicho kitambaa kikikauka kinapasuka waya unabaki uchi kando ya saiprasi ambayo ni kavu, hebu fikiria. Nilirudisha safari ya pili, pesa hakurudisha, alinipa malaika wa juu ya mti ambaye ana bawa moja. Taa nunua mpya, za zamani zitundike bila stima kama pambo, inatosha.

Na kuna zile nyuzi za kumetameta za rangi ya fedha ambazo ni nzito, zinaning'inia wima hazipeperuki. Nzito ni kwa sababu ni madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, Marekani waliachana nazo mwanzoni mwa miaka ya 70. Kama kuna mtoto wa kutafuna vitu kwa nyumba acha hapo dukani.

Kubeba: Guka anafunga na gazeti moja na maombi. Nenda na trei za mayai zako mwenyewe, unaweka mpira kila shimo, trei nyingine unafunika juu, kamba, unapakata mpaka Kisumu. Makanga aliniuliza kama ni mayai ya kienyeji, mama wa kiti cha nyuma akataka kununua nusu trei, sikuvunja hata moja kwa matuta yote. Iliyovunja moyo niliharibu mwenyewe nyumbani, niliona vumbi nikachukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo nikaosha mpira mwekundu wa kwanza, rangi yote ikabaki mkononi, nikabaki na yai la fedha. Hiyo rangi haijachomwa kwa moto, imepakwa tu. Brashi laini, kavu, ya kupaka poda, na usisugue.

Bei kwa jumla ni za haki kama unajua unachoshika, na ni kali kama unaonyesha umependa. M-Pesa anachukua lakini simu ni ya mjukuu kwa hivyo mnangoja mjukuu. Soko la Kibuye huku Kisumu siku ya Jumapili unaweza kupata mapambo ya mitumba kwa bei ya chini kuliko hapa, nimewahi kupata kengele ya bati kwa thelathini, lakini huko kioo hakifiki kizima. Usiende Desemba, hapo kuna watu wa Nairobi wanapitia wakienda mashambani na Guka anaongeza bei akiwa anawaangalia magari yao. Mimi huenda Februari. Kwa tano nampa tatu na nusu, ingekua nne na nusu bila ile stima.

Mamajusi? Nilimpata. Si wa mawe ya Kisii, ni wa plasta, joho jekundu limebanduka kwa goti, sanduku la ubani mkononi, na ni mrefu kuliko Yusufu, lakini uso wake ulikua na ule uchovu wa mtu ametembea. Mia sita. Nikampelekea mama, akamweka kwa mkono akamgeuza, akasema huyu ni mzee, huyu sawa. Alafu kuweka pango akafungua mkebe wa biskuti wenye sindano na nyuzi kutafuta ile nyota, na ndani ya mkebe, chini ya vifungo, kuna Mamajusi wa zamani, kichwa kando na mwili kando, miaka yote hiyo. Tukamshika na supa glu. Kwa hivyo sasa tuko nao wanne, na nilipoanza kucheka mama akaniambia, "Nyathina (mwanangu), soma Mathayo mbili, wapi imeandikwa walikua watatu?" Nikasoma. Ni zawadi tu zimetajwa moja moja, watu hawakuhesabiwa.

Kuna ngamia amekatika mguu wa nyuma alibaki kwa katoni ya tatu, niliambiwa mia nane nikajifanya simtaki. Kama uko Nakuru wiki hii na bado ako, tafadhali mwambie Guka amweke, nakuja.