Kutafuta ukoo wa askari wa Keya kwa nishani iliyookotwa: uzoefu wangu na huduma zilizopo Lindi na Mtwara

Anza na ukingo wa nishani. Zile za Vita Kuu ya Kwanza, ya fedha yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918, na ya shaba yenye malaika mwenye mabawa, zimepigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Ukiona K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), huyo ni askari wa Keya. Za Vita ya Pili, zikiwemo Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, Waingereza kwa kawaida walizitoa bila jina. Ukiwa na nyota peke yake bila karatasi ya kuachishwa jeshi, usimlipe mtu akutafutie, maana hana pa kuanzia.

Fedha ya pwani huwa nyeusi. Usiisugue kwa Brasso, ndimu wala majivu, kwani herufi zikilika hazirudi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto vinatosha. Kisha laza tochi ya simu pembeni na upige picha ukiizungusha nishani taratibu. Herufi hafifu zifunike kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli laini juu yake.

Kanzidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni bure na hufunguka vizuri kwenye simu, ila ni ya waliokufa tu. Na wafu wenyewe hawamo wote: ripoti iliyotolewa na Tume hiyo mwaka 2021 ilikiri kuwa Waafrika wengi mno, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina. Kukosa jina humo hakuthibitishi lolote. Halafu nishani iliyookotwa shamba la Mahiwa haina maana mwenyewe aliuawa katika mapigano ya pale ya Oktoba 1917. Ziligawiwa baada ya vita kwisha, kwa hiyo mara nyingi pale palikuwa kwake au kwa ndugu zake.

Huduma niliyoiona ina faida kuliko zote ni tangazo la redio ya jamii, likisindikizwa na barua kwa mtendaji wa kijiji. Taja jina na wilaya, ficha namba na kikosi. Ukitaja vyote, watakuja wajukuu wa kila upande na hutakuwa na swali la kuwapima.

Watafutaji wa kulipwa walio mbali hukwama kwenye jina. Karani Mzungu aliandika alivyosikia, basi jaribu l na r, na Sefu na Seif. Jina la jeshini laweza kuwa la jando, au mwenyewe alibatizwa baadaye, na hapo daftari za ubatizo za Masasi na Ndanda husaidia. Kibaya zaidi, wao hufuata baba kwa mwana. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo ulihesabiwa kwa mama, kwa hiyo ulizia wapwa wa marehemu kabla ya wajukuu. Kijiji kilichoandikwa kwenye karatasi nacho huenda kilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Waulize wazee watu wa mahame yale walipelekwa wapi.

Ukoo ukipatikana, usimkabidhi mtu mmoja faraghani. Kaeni ofisi ya kijiji, upande wa wapwa na wa wajukuu wote wawepo, muandike hati yenye namba ya ukingoni, mashahidi wawili na muhuri wa mtendaji. Nakala moja ibaki ofisini.